Je, Wajua? Ngazi za Lugha, Kuanzia Rüschlikon Mpaka Lusenda

Je, wajua kwamba zile alama za A1, B1 au C2 zinazoandikwa kwenye vyeti vya Kifaransa na Kijerumani chimbuko lake ni mkutano uliofanyika Rüschlikon, mji mdogo kando ya Ziwa Zurich nchini Uswisi? Ilikuwa Novemba 1991. Waliokutana walikuwa na kero moja: mtu akija na cheti cha lugha kutoka nchi nyingine, nani atasema cheti hicho kina uzito gani? "Vizuri" ya shule moja ingeweza kuwa "wastani" ya shule ya pili. Miaka kumi baadaye, 2001, Baraza la Ulaya likachapisha mizani ya pamoja, CEFR, yenye ngazi sita: A1 na A2 kwa anayeanza, B1 na B2 kwa anayejitegemea, C1 na C2 kwa aliyebobea.

Baraza la Ulaya si Umoja wa Ulaya. Baraza lilianzishwa 1949, makao yake ni Strasbourg, na wanachama wake ni nchi 46. Umoja una nchi 27 na ni chombo kingine kabisa. Ukimsikia mtu anasema "ngazi za Umoja wa Ulaya", msahihishe kwa upole.

Je, wajua mizani hiyo inapima nini hasa? Haipimi idadi ya kanuni za sarufi zilizokaririwa. Kila ngazi imeelezwa kwa vitendo, kwa sentensi zinazoanza na "anaweza". Mtu wa A1 anaweza kujitambulisha, kusema anakaa wapi, na kumwelewa anayezungumza naye polepole na kwa nia njema. Wa A2 anaweza kununua vitu, kuuliza njia na kueleza familia yake kwa maneno mepesi. Wa B1 anasimulia yaliyompata na kutoa sababu za maoni yake. Wa B2 anajadiliana na wenyeji wa lugha bila pande zote mbili kutoka jasho. Mwalimu aliyezoea kuimbisha darasa vitenzi vya Kifaransa ubaoni atauliza: na sarufi je? Ipo, lakini imewekwa chini ya kitendo. Unafundisha wakati uliopita kwa sababu mwanafunzi anataka kusimulia ya jana, si kwa sababu leo ni zamu ya ukurasa wa 34.

Tuje nyumbani sasa.

Je, wajua kwamba mtoto wa Lusenda anaweza kupita katika lugha nne kabla ya saa sita mchana? Kambi ya wakimbizi ya Lusenda, katika wilaya ya Fizi, Kivu ya Kusini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ilifunguliwa 2015 kuwapokea Warundi waliokimbia machafuko ya mwaka huo nchini kwao. Iko kando ya Ziwa Tanganyika, kwenye njia ya kutoka Uvira kwenda Baraka. Nyumbani mtoto anaamshwa kwa Kirundi. Bombani na sokoni ni Kiswahili. Wenyeji wanaouza dagaa, au ndagala, pembeni wanateta wao kwa wao kwa Kibembe, na mtoto mwenye masikio huokota maneno. Darasani kuna Kifaransa. Ongeza Kifuliiru na Kinyamulenge vinavyosikika katika ukanda huu, na utaona kwa nini swali la "huyu mtoto anajua lugha?" halina jibu la neno moja.

Na kambi ilijaa. Ndiyo maana 2017 ilifunguliwa Mulongwe, karibu na Baraka.

Je, wajua kwamba tatizo kubwa la mtoto mgeni darasani mara nyingi si akili bali ni maagizo? Chukua mtoto wa miaka kumi aliyevuka mpaka akiwa ameanza shule kwa Kirundi. Kugawanya anajua. Sehemu anazijua. Lakini swali limeandikwa kwa Kifaransa, na maelezo ya mwalimu yanakuja kwa Kiswahili cha Fizi. Akikaa kimya, anahesabiwa kuwa hajui hesabu na kurudishwa madarasa mawili nyuma, katikati ya watoto wanaomfika kiunoni. Mizani ya pamoja ya lugha ina faida moja hapa ambayo kwa maoni yangu inazidi zote: inatenganisha mambo mawili ambayo shule huyachanganya, yaani anachojua mtoto na lugha anayoweza kukisemea. Hesabu zake ziandikwe darasa la nne. Kifaransa chake kiandikwe A1. Kiswahili A2. Kirundi, mbali huko juu. Hapo ndipo mpangaji wa mtaala anapopata la kufanya: saa za ziada za Kifaransa mchana, badala ya miaka miwili ya kurudia kugawanya.

Je, wajua kwamba Burundi iliwahi kuziacha nyuma nchi zote zilizopimwa pamoja nayo? Mwaka wa 2014 mpango wa PASEC ulipima wanafunzi wa nchi kumi za Afrika zinazotumia Kifaransa. Katika mwanzo wa shule ya msingi, zaidi ya 70% ya watoto katika nchi hizo kwa jumla hawakufikia kiwango cha kutosha katika lugha. Burundi ikaongoza. Siri haikuwa ya kufichwa: wenzao karibu wote walipimwa kwa Kifaransa, wao walipimwa kwa Kirundi, lugha waliyofundishiwa na waliyonyonya nayo. Na asiseme mtu kwamba Kirundi kiliwachelewesha, maana katika hesabu za mwisho wa shule ya msingi Burundi iliongoza pia. Hao ndio watoto ambao mwaka mmoja baadaye baadhi yao walijikuta Lusenda wakiitwa "hawajui lugha".

Kongo ya Kinshasa yenyewe iliingia katika PASEC baadaye, awamu ya 2019.

Je, wajua kwamba Katiba ya Kongo ya 2006 inataja Kifaransa kuwa lugha rasmi na kuzitaja lugha nne za taifa: Kikongo, Lingala, Kiswahili na Kiluba? Na je, wajua kwamba Sheria ya elimu ya Februari 2014 inaruhusu lugha za taifa au za mazingira ya mtoto zitumike kufundishia na kufundishwa? Karatasi iko upande wa mtoto. Kinachobaki ni kueleza, kwa kila lugha, mtoto afike wapi kabla Kifaransa hakijachukua usukani. Hapo "mwanafunzi ajue Kiswahili" haitoshi. Ajue kufanya nini nacho? Kusoma hadithi fupi bila kusaidiwa? Kuandika barua? Kueleza jinsi mbegu inavyoota?

Je, wajua kwamba Wakenya tayari wanaandika mtaala wa Kiswahili kwa namna hiyohiyo? Fungua muundo wa mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa nchini humo mwishoni mwa miaka ya 2010, na utakuta kila mada ndogo inatanguliwa na maneno ya aina ya "mwanafunzi aweze". Aweze kutambua, aweze kusimulia, aweze kuandika. Tathmini nayo haitolewi kwa asilimia bali kwa makundi manne: aliyezidisha matarajio, aliyeyafikia, anayeyakaribia na aliye mbali nayo. Wazazi wengi wa Kenya walilalamika kwamba hawaelewi mtoto amekuwa wa ngapi. Ndiyo hoja yenyewe: mizani ya aina hii haijali mtu amekuwa wa ngapi.

Tukirudi kwenye mizani ya Ulaya, kuna jambo ambalo wengi wanaoitumia hulisahau. Hakuna mtu aliye "B1". Kuna mtu anayesikia kwa B2, anayezungumza kwa B1, anayesoma kwa A2 na kuandika kwa A1, na huyo ni mtu wa kawaida kabisa. Mama anayeuza samaki aina ya mikebuka kwenye soko la Baraka anaweza kubishana bei kwa Kiswahili mpaka mnunuzi akasalimu amri, kisha akashindwa kuijaza fomu ya nusu ukurasa kwa Kiswahili hichohicho. Ukimpa jina moja, la juu au la chini, umemdhulumu.

Je, wajua kwamba kuna kitabu kizima kwa ajili ya mama huyo? Mwaka wa 2022 Baraza la Ulaya lilitoa mwongozo uitwao LASLLIAM, kwa ajili ya watu wazima waliohamia nchi ngeni bila kuwa na mazoea ya kusoma na kuandika. Ulikuja kwa sababu ngazi sita za 2001 zilikuwa zimetungwa zikimfikiria mtu aliyekwenda shule. Anayejifunza lugha mpya huku akijifunza kushika kalamu anapanda milima miwili kwa mpigo, na A1 ya kawaida ilikuwa inamwacha kwenye mguu wa mlima wa kwanza. Wakongo wengi waliopelekwa Marekani, Kanada na nchi za Skandinavia kutoka kambi za Tanzania, Burundi na Uganda wanalijua hilo kwa uzoefu: katika mwaka wa bajeti wa 2016 pekee Marekani iliwapokea wakimbizi zaidi ya 16,000 kutoka Kongo, idadi kubwa kuliko ya nchi nyingine yoyote mwaka huo.

Je, wajua kwamba mtoto anayemtafsiria mama yake kwenye zahanati anafanya kazi yenye ngazi zake rasmi? Kitabu cha 2001 kilikuwa kimelitaja suala la kumfikishia mtu maana asiyoweza kuipata mwenyewe, lakini vipimo vyake vikaja katika nyongeza ya 2018, iliyokamilishwa 2020. Sasa kuna ngazi za kueleza kwa lugha moja ulichosoma kwa lugha nyingine, za kurahisisha maneno magumu, hata za kutuliza mazungumzo yanayotaka kugeuka ugomvi. Watoto wa Lusenda wanaofanya hivyo kati ya Kirundi, Kiswahili na Kifaransa hawapewi hata nusu alama shuleni. Mtihani wa Kifaransa unawauliza kuhusu Kifaransa tu.

Nyongeza hiyohiyo iliongeza ngazi iliyo chini ya A1, ikaziingiza lugha za alama, na ikaondoa kwenye maelezo ya ngazi ile kauli ya kumlinganisha mwanafunzi na mzawa wa lugha. C2 si "kuongea kama mzungu". Haijawahi kuwa.

Je, wajua kwamba Che Guevara alisomea Kiswahili Fizi? Si uvumi wa kijiweni. Alivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma na kufika Kibamba, kwenye pwani ya Fizi, tarehe 24 Aprili 1965, kuwasaidia waasi waliokuwa wakipigana na serikali. Wacuba aliokuja nao walipewa majina ya siri kwa tarakimu za Kiswahili: Víctor Dreke akawa Moja, José María Martínez Tamayo akawa Mbili, na Che akawa Tatu, ili adui asijue nani mkubwa. Mwalimu wake wa Kiswahili alikuwa kijana Mkongo aliyekuwa bado hajafika miaka ishirini, Freddy Ilanga, ambaye pia alikuwa mkalimani wake. Baadaye Ilanga alipelekwa Cuba, akasoma udaktari, na akaishi huko mpaka alipofariki 2005.

Sasa piga hesabu. Che aliondoka Fizi Novemba 1965, baada ya wiki kama thelathini. Taasisi ya Marekani inayowafunza wanadiplomasia wake lugha huweka wiki 36 za darasa la kutwa kwa mwanafunzi wake kufikia Kiswahili cha kufanyia kazi. Kwa Kifaransa huweka wiki 30. Che alikuwa na karibu muda huohuo, isipokuwa darasa lake lilikuwa mlimani, ugonjwa wa pumu ulimsumbua, na kulikuwa na vita. Kuhesabu moja, mbili, tatu ni kazi ya mtu wa A1. Kuwashawishi wapiganaji wa lugha nyingine wakubali kuchimba mahandaki ni B2 kwenda juu, na hilo hata mkalimani mzuri hakuliweza.

Je, wajua kwamba taasisi hiyohiyo ndiyo iliyotangulia Ulaya katika kutengeneza mizani? Katika miaka ya 1950 serikali ya Marekani ilitaka kujua ni wafanyakazi wake wangapi wanajua lugha za kigeni, na ikagundua haina namna ya kuuliza. Kila mtu alijiandikia "najua vizuri". Ikatengenezwa mizani ya sifuri hadi tano: sifuri hajui kitu, tano ni kama msomi mzawa. Kutokana nayo, katika miaka ya 1980, chama cha walimu wa lugha cha ACTFL kikatunga ngazi za vyuo na shule, kuanzia anayeanza mpaka mbobezi. Kiswahili kimo katika mitihani yake ya mazungumzo. Kwa hiyo Mkongo aliyehamia Marekani anaweza kuketi mbele ya simu, akazungumza na mpimaji kwa Kiswahili, na kupata karatasi inayompa kazi ya ukalimani hospitalini au darasani.

Hapo linakuja swali ambalo watu wa Fizi hulijua kabla hujalimaliza: Kiswahili kipi? Mwaka wa 1928 mkutano wa Mombasa ulichagua lahaja ya Unguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na kamati ya lugha iliyoanza kazi 1930 ilikuwa ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Kongo ilikuwa chini ya Wabelgiji, haikuwamo. Kiswahili chake kikakua chenyewe, kikizaa watoto wake Bukavu, Bunia na Lubumbashi. Mtu wa Lusenda anayesema anaenda "ku masomo" ataeleweka na watu mamilioni, atapatana bei, atatongoza, atazika na atashtaki kwa Kiswahili hicho. Mpimaji anayemkata alama kwa upatanisho wa ngeli wakati kitendo kimekamilika anapima kitu kingine, labda malezi ya shule. Lakini nisiegemee upande mmoja: mwanafunzi huyohuyo akitaka kusomea Dodoma au kuandikia gazeti la Nairobi, Kiswahili sanifu ni chombo cha lazima, na mtaala unaomficha jambo hilo haumtendei wema. Mtaala mzuri ungeandika yote mawili: anaweza kufanya haya kwa Kiswahili cha kwao, anaweza kufanya haya kwa Kiswahili cha vitabu.

Je, wajua kwamba watu wa Fizi wenyewe wamewahi kuwa upande wa pili wa ziwa? Vita vya 1996 viliwavusha Wabembe na jirani zao kwa maelfu mpaka Kigoma, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa mwaka huo katika wilaya ya Kasulu. Ndani ya Tanzania, nchi ambayo shule zake za msingi zinafundisha kwa Kiswahili, watoto hao walisoma mtaala wa Kongo, wenye Kifaransa chake. Kuanzia 2005 meli za kuwarudisha nyumbani zikaanza kutia nanga Baraka. Zilishusha vijana wenye Kiswahili cha Kigoma mdomoni na Kifaransa cha Kinshasa daftarini, huku baadhi yao Kibembe wakikisikia tu bila kukisema. Ukitaka kumwelewa mtu mwenye lugha nne zenye ngazi nne tofauti, kaa Baraka.

Hali hiyohiyo ilikuja kuwa ya Warundi nchini Tanzania: katika kambi za huko watoto wao walisoma mtaala wa Burundi.

Haraka haraka sasa.

Je, wajua kwamba mtihani wa Kifaransa wa DELF una alama 100, na kufaulu ni 50, lakini ukipata chini ya 5 kati ya 25 katika stadi moja umeanguka hata kama nyingine tatu umezing'arisha? Na kwamba cheti chake hakiishi muda, ilhali cha TCF kinaisha baada ya miaka miwili? DELF ilianza 1985, miaka mingi kabla ya ngazi za Ulaya. Ilipangwa upya kuzifuata ngazi hizo 2005. Ipo pia ya watoto wa shule ya msingi, inayoanzia A1.1.

Je, wajua inachukua muda gani kupanda? Kwa Kiingereza, Cambridge hukadiria saa 180 hadi 200 za kufundishwa kufikia A2, saa 350 hadi 400 kufikia B1, na 500 hadi 600 kufikia B2. Gawanya kwa vipindi vya juma vya shule yako, na utapata jibu la kwa nini mtoto wa darasa la sita bado hawezi kumwandikia mjomba barua kwa Kifaransa. Usimlaumu mtoto kabla hujapiga hesabu hiyo.

Je, wajua kwamba Wajapani walizikatakata ngazi? Waliona wanafunzi wao wengi wa Kiingereza wamerundikana A1 na A2, hivyo hakuna aliyeonekana kupanda. Katika toleo lao la CEFR-J la 2012, A1 ikagawanywa mara tatu, na ngazi zote zikawa kumi na mbili. Kanada ina kumi na mbili pia, kwa mizani yake yenyewe. China ilitoa ya ngazi tisa 2018. Mizani ya pamoja haikuletwa iabudiwe. Kitabu cha 2001 chenyewe kinasema waziwazi kwamba hakikuja kuwaambia walimu wafundishe nini wala vipi.

Je, wajua kwamba mtihani mfupi kuliko yote unaweza kufanywa kizingitini? Mradi wa Uwezo ulianza 2009 nchini Kenya, Tanzania na Uganda, ukiiga ule wa shirika la Pratham la India. Watu wa kujitolea walikwenda nyumba kwa nyumba wakiwa na karatasi: herufi, maneno, aya, hadithi. Mtoto anasoma mpaka anapokwama, na pale alipokwama ndipo ngazi yake. Matokeo yaliwashtua wazazi waliodhani kukaa darasani ndiko kusoma. Kwa darasa la watoto sabini, mimi ningeanza na karatasi kama hiyo kabla ya kufikiria mizani yoyote ya Ulaya.

Je, wajua kwamba ngazi zinaweza kugeuzwa lango? Ujerumani inamtaka anayeomba uraia awe na B1 ya Kijerumani. Ufaransa, kwa sheria ya 2024 iliyoanza kutumika kwa wanaoomba uraia Januari 2026, imepandisha sharti lake kutoka B1 hadi B2. B2 ndiyo hiyohiyo ambayo vyuo vikuu vyake kwa kawaida humtaka mwanafunzi wa kigeni awe nayo. Chombo kilichobuniwa ili cheti cha mtu kisomeke popote kimekuwa pia cha kumzuia mtu mlangoni, na wapo miongoni mwa waliokibuni na wanaokitumia wasiopendezwa na jambo hilo.

Je, wajua kwamba Kongo ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022? Jumuiya ina Kamisheni ya Kiswahili yenye makao yake Zanzibar, na tarehe 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani kwa uamuzi wa UNESCO wa Novemba 2021. Kongo imeleta mezani mamilioni ya wasemaji ambao shule zao hufundisha kwa Kifaransa. Mwanafunzi wa Baraka anayevuka kwenda kusoma Kigoma, au wa Bujumbura anayekwenda Bukavu, anahitaji karatasi itakayosomeka ng'ambo. Kwa hili naona Kiswahili ndicho kinachostahili kuwa na ngazi zake za pamoja kwanza, zikitungwa na walimu wa Fizi, Lamu na Mbeya wakiwa meza moja, badala ya kusubiri zitoke Strasbourg zikiwa zimetafsiriwa.

Mwalimu wa Lusenda asingoje meza hiyo. Anaweza kuandika vitendo vyake mwenyewe leo, kwa kuanzia na maisha yaliyopo: mwanafunzi anaweza kumweleza muuguzi mtoto ameanza kuhara tangu lini, anaweza kusoma tarehe kwenye kadi ya chanjo, anaweza kuelewa tangazo la mgao linaposomwa mara moja tu, anaweza kuuliza bei ya kifungu cha ndagala na kuipunguza, anaweza kuandika mistari mitano kumwomba mkuu wa shule ruhusa. Aandike kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, sambamba, maana mtoto atahitaji vyote viwili. Vitendo ishirini vya namna hiyo vinatosha muhula mzima, na sarufi itajileta yenyewe ikitafuta kazi.

Na je, wajua kwamba kuna zoezi lisilohitaji hata kitabu? Baraza la Ulaya, katika vifaa lilivyovitoa 2017 kwa wanaowafundisha wakimbizi watu wazima, liliweka mchoro mtupu wa mwili wa binadamu. Kila mwanafunzi anachagua rangi kwa kila lugha aliyonayo na kuzipaka pale anapoona lugha hiyo inakaa: kichwani, mkononi, kifuani, miguuni. Kisha anaeleza, kwa lugha yoyote anayoiweza. Mwalimu anasikiliza na kuandika: huyu Kirundi cha kusali, Kiswahili cha biashara, Kifaransa cha kusoma, Kibembe cha kusalimu. Kuna pia pasipoti ya lugha, sehemu ya kabrasha lililozinduliwa Ulaya 2001, ambamo mtu hujijazia mwenyewe ngazi zake, stadi kwa stadi, hata kwa lugha ambayo hakuwahi kuisomea popote. Haigongwi muhuri.